Dola 26 kwa siku 26: kisa cha mshahara wa Hawassa

Mwaka 2019, binti aliyeanza kazi ya kushona katika kongani ya viwanda ya Hawassa, kusini mwa Ethiopia, alikuwa na mshahara wa msingi wa dola 26 za Marekani kwa mwezi. Kwa fedha ya huko ni kama birr 750. Mwezi ukiondoa Jumapili una siku 26 za kazi, kwa hiyo hesabu haihitaji karatasi: dola moja kwa siku, na siku yenyewe ni saa nane za kuinamia cherehani. Ukigawa kwa saa unapata senti 12 na nusu.

Tarakimu hiyo ilifahamika duniani Mei mwaka huo, Paul Barrett na Dorothée Baumann-Pauly wa Chuo Kikuu cha New York walipotoa ripoti yao juu ya viwanda vya nguo vya Ethiopia. Pembeni yake waliweka mishahara ya nchi nyingine: Bangladesh dola 95, Kenya 207, China 326. Bangladesh, ambayo kwa miaka mingi ndiyo hutajwa kwanza kila panapozungumzwa ujira duni wa washona nguo, ilikuwa inalipa zaidi ya mara tatu ya Hawassa.

Watu wakizisoma tarakimu hizi hugawanyika haraka. Wako wanaosema ni unyonyaji mtupu, wakafunga mjadala. Wako wanaosema bora hicho kidogo kuliko kukaa bure kijijini, nao wakafunga mjadala. Nimekifuatilia kisa hiki kwa muda, na kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinauchukulia mshahara ule kama mvua, kitu kilichonyesha tu. Haukunyesha. Ulichaguliwa, ukawekwa kwenye meza ya wawekezaji kama kivutio, ukawaumiza mabinti walioupokea, na kisha ukawageukia wenye viwanda wenyewe. Hilo la mwisho ndilo halisemwi vya kutosha, na ndilo nitakaloliendea taratibu.

Jinsi kongani ilivyozaliwa

Hawassa ni mji wa kando ya ziwa, kilometa kama 275 kusini mwa Addis Ababa. Kongani yake ilizinduliwa Julai 2016 na Waziri Mkuu wa wakati ule, Hailemariam Desalegn. Ilijengwa na kampuni ya Kichina ya CCECC kwa muda wa takriban miezi tisa, kwa gharama ya karibu dola milioni 250. Ni mabanda makubwa yaliyopangwa kwa mistari ndani ya uzio mmoja, yenye barabara za lami na mtambo wa kusafisha maji ya viwandani ili yarudi kutumika badala ya kumwagwa. Kwa upande wa majengo na mazingira kazi ilifanyika vizuri, na ni haki kusema hivyo.

Wakati ulikuwa mwafaka. Mishahara ya China ilikuwa imepanda, na wanunuzi wa nguo za bei nafuu walikuwa wakitafuta pa kuhamia. Halafu Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilikuwa limeporomoka karibu na Dhaka, Bangladesh, na kuua watu 1,134, wengi wao washonaji. Makampuni makubwa hayakutaka tena kuonekana yamefungamana na majengo ya namna ile. Ethiopia ikasema: njooni kwetu, tutajenga upya tangu msingi, majengo salama, maji safi. PVH, kampuni ya Marekani inayomiliki Calvin Klein na Tommy Hilfiger, ikakubali kuwa kinara, ikaja na wazalishaji wake. Wengine walitoka India, Sri Lanka, China na kwingineko.

Kulikuwa na faida nyingine nzito, ushuru. Tangu mwaka 2000 sheria ya Marekani ya AGOA iliruhusu nguo kutoka nchi za Afrika zilizokidhi masharti kuingia bila ushuru, na nchi maskini zaidi kama Ethiopia ziliruhusiwa hata kutumia kitambaa kilichofumwa mahali pengine. Kwa baadhi ya nguo za nyuzi za kutengenezwa, ushuru wa kawaida wa Marekani unafika asilimia 32. Anayeondolewa mzigo huo yuko mbele ya mshindani wake kabla hajaweka hata uzi kwenye sindano. Ongeza umeme wa bei ndogo, misamaha ya kodi na reli mpya ya kwenda bandari ya Djibouti.

Kisha kuna mshahara. Ethiopia haikuwa na kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, na wanaoitangaza nchi kwa wawekezaji hawakulificha jambo hilo. Walilitaja kama sifa. Oktoba 2017 serikali ilishusha thamani ya birr kwa asilimia 15 ili bidhaa za kuuza nje zishindane vizuri zaidi. Kwa mwenye kiwanda anayelipwa kwa dola, vibarua wake walizidi kuwa rahisi siku hiyo bila yeye kufanya chochote.

Lengo lilikuwa kongani iajiri watu 60,000. Kufikia 2019 walikuwapo kama 25,000, na wengi mno kati yao walikuwa wanawake vijana.

Walikotoka, na walikolala

Mabinti hawa hawakuwa wakaazi wa mji. Waliandikishwa kutoka vijiji vya Sidama, Wolayta na maeneo ya jirani, wakapimwa, wakapangwa kwenye viwanda. Wengi walikuwa wamefika sekondari. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna dhana kwamba walikuwa watu wasiojua lolote ambao wangeshukuru kwa chochote. Binti aliyefika darasa la 10 katika kijiji cha Wolayta ni fahari ya ukoo mzima. Wazazi wameuza mbuzi kwa ajili ya madaftari yake. Anapoambiwa ameajiriwa kwenye kiwanda kipya, mjini, na kampuni ya kigeni, nyumbani wanasikia kwamba jasho lao limelipa.

Anafika Hawassa na mfuko wa nguo. Kongani ina mabanda ya cherehani lakini haina mabweni ya kumtosha yeye na wenzake. Kwa hiyo anatafuta chumba mitaani, na maelfu ya wenzake wanatafuta chumba wiki ileile, katika mji ambao haukuwa umejenga vyumba vya kuwatosha. Mwenye nyumba anajua kuhesabu kama mtu mwingine yeyote. Kodi inapanda.

Suluhisho lao lilikuwa kujazana. Wanne, mara nyingine zaidi, katika chumba kimoja cha kupanga: magodoro sakafuni, jiko pembeni, nguo kwenye kamba iliyofungwa toka msumari mmoja hadi mwingine. Hata hapo kodi, chakula cha jioni, sabuni na nauli vilikula mshahara karibu wote. Kiwandani kulikuwa na posho ndogo ya mahudhurio kwa asiyekosa siku, na chakula cha mchana au fedha yake. Posho ya mahudhurio ina ubaya wake. Binti akiumwa siku moja anabeba gharama ya ugonjwa na kupoteza fedha ya utii kwa pamoja, kwa hiyo anakwenda kazini na homa.

Hapa pana jambo ambalo ningependa msomaji alishike. Mabinti wengi hawakuwa wakituma fedha nyumbani. Walikuwa wakiletewa chakula kutoka nyumbani. Kusini mwa Ethiopia familia nyingi hulima enset, mmea unaofanana na mgomba, ambao shina lake hukwanguliwa, huvundikwa ardhini na kufanywa mkate uitwao kocho. Mzazi anayefunga mzigo wa kocho na kumtumia binti yake aliyeajiriwa anadhani anamsaidia mtoto. Ukiifuata hesabu hadi mwisho, anachangia gharama ya shati. Mshahara ulikuwa chini ya gharama ya kumweka hai na timamu mtu anayefanya kazi ile, na pengo lilizibwa na shamba la mzee wa Wolayta ambaye hakuna mkataba unaomtaja.

Kwa hiyo mtu anapouliza kama mshahara ule haukuwa bora kuliko kutokuwa nao, mimi huuliza kwanza: bora kwa nani, na nani analipa nyongeza?

Kwenye laini

Laini ya kushona ni safu ya cherehani, na kila fundi ana kazi moja tu. Huyu anaunga bega, yule anabandika mfuko, wa tatu anapinda mkono wa shati. Vipande vinapita vikiwa vimefungwa mafungu. Mbele kuna ubao unaoonyesha lengo la saa na kilichotoka. Anayechelewa, mafungu yanamrundikia mapajani, na aliye mbele yake anakaa mikono mitupu akimtazama. Kila mtu kwenye laini anajua nani amekwamisha.

Kola ndiyo shule ngumu. Ncha mbili lazima zifanane, mshono uwe umbali uleule toka ukingoni, na kitambaa kigeuzwe bila kuacha kikunjo. Mkono wa kushoto unaongoza kitambaa, wa kulia unakivuta kidogo tu, mguu unakanyaga pedali kwa pumzi fupifupi. Mgeni anakanyaga kwa nguvu, sindano inakimbia, mshono unapinda, kipande kinarudishwa kufumuliwa. Huhitaji ukali wa msimamizi kujifunza hilo. Unahitaji miezi, na mtu mvumilivu kando yako.

Wasimamizi wengi waliletwa kutoka nchi za Asia, na lugha haikuwaunganisha na mafundi. Pasipo na lugha, sauti hupanda. Malalamiko ya kufokewa yalikuwa mengi. Nao wasimamizi walikuwa na msemo wao, kwamba vijana hawa hawana utamaduni wa kazi ya kiwandani, wanakosa kazini, wanaondoka bila kuaga. Nimekutana na maneno hayo mara nyingi, na kila mara nawaza juu ya kazi ya enset. Kukwangua, kuvundika, kukamua, kubeba maji, kuamka kabla ya jua: hiyo imekuwa kazi ya wanawake wa Sidama na Wolayta tangu zamani. Uvivu si maelezo. Mtu anayejua kufanya kazi ndiye anayejua pia kazi isiyomlipa.

Jioni kulikuwa na tatizo jingine. Zamu ya mwisho ikitoka usiku, mabinti walitembea hadi mitaa waliyopanga kupitia njia zisizo na taa. Waliibiwa, walisumbuliwa, wengine walishambuliwa. Usalama wa majengo ambao dunia iliudai baada ya Rana Plaza uliishia kwenye uzio wa kongani. Mwaka 2019 kulikuwa na migomo ya kusimamisha kazi, isiyoitishwa na chama chochote, na madai yalihusu mshahara na usumbufu kwa pamoja. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Ethiopia, CETU, lilikuwa likilalamika kwamba halipati nafasi ya kuingia kwenye kongani na kuandikisha wanachama. Watu walio na uwakilishi huandika barua. Wasio nao huzima cherehani.

Waliondoka kwa miguu yao

Jibu kubwa la mabinti lakini halikuwa mgomo. Lilikuwa kuondoka. Ripoti ya 2019 ilieleza kwamba katika kipindi cha mwanzo viwanda vya Hawassa kwa wastani vilikuwa vikibadilisha wafanyakazi wake wote kwa mwaka. Soma tena sentensi hiyo kama mwenye kiwanda. Kila kiti ulichokijaza Januari, kufikia Desemba amekikalia mtu mwingine.

Nitaeleza kwa mfano, wenye namba nilizozichagua mwenyewe kwa urahisi wa hesabu. Tuseme shati linachukua dakika 20 za kushona. Siku ina dakika 480. Fundi aliyekomaa, anayefikia asilimia 80 ya kasi inayotakiwa, anatoa dakika 384 zenye tija, yaani mashati 19. Mgeni wa asilimia 30 anatoa dakika 144, mashati 7. Mgeni analipwa dola moja kwa siku, kwa hiyo kila shati lake lina senti 14 za mshahara. Sasa mlipe fundi aliyekomaa dola mbili, mara mbili kamili: kila shati lake lina senti 10 na nusu. Aliyelipwa mara mbili ni rahisi zaidi. Na bado sijaweka umeme unaowaka kwenye laini inayozubaa, vitambaa vilivyoharibika, mafunzo ya kila mwezi kwa wageni wapya, wala oda iliyochelewa ambayo inabidi isafirishwe kwa ndege badala ya meli ili mnunuzi asikatae mzigo.

Kiwanda cha nguo huuza dakika za ustadi. Mshahara wa Hawassa ulikuwa unanunua dakika za watu wasiokaa vya kutosha kuwa na ustadi. Ndiyo maana nasema uliwageukia wenye viwanda. Mabinti walikuwa wanafukuzwa na njaa, na kila aliyeondoka aliondoka na ujuzi ambao kiwanda kilikuwa kimeshaulipia.

Mbona basi wenye viwanda hawakupandisha? Wengi walijua hesabu hii kuliko mimi. Sababu moja ni kwamba hakuna aliyetaka kuanza. Viwanda vyote vimo ndani ya uzio mmoja, kiwango cha kuanzia kilikuwa karibu kilekile, na atakayepandisha peke yake anabeba gharama leo wakati faida ya mafundi waliotulia inakuja baada ya mwaka. Sababu nyingine ni mnunuzi. Bei ya kipande hupangwa miezi mingi kabla, na mnunuzi aliyekuja Ethiopia kwa sababu ya dola 26 ameshazipiga hesabu dola hizo ndani ya bei. Hapo ndipo penye kazi ya sheria. Kima cha chini kingewapandisha wote siku moja, na mnunuzi angelazimika kukikuta tayari kwenye hesabu.

Utafiti ambao wengi hawaupendi

Kuna utafiti wa Christopher Blattman na Stefan Dercon, uliochapishwa 2018, ambao haukufanyika kwenye kongani ya Hawassa lakini unaisaidia kueleweka. Walichukua watu karibu 1,000 walioomba kazi katika makampuni matano ya Ethiopia. Kwa bahati nasibu, baadhi walipewa kazi, baadhi walipewa mafunzo ya biashara ndogo na ruzuku ya kama dola 300, na wengine hawakupewa chochote. Watafiti wenyewe walitarajia kazi ya kiwandani ingeshinda. Theluthi moja ya walioajiriwa waliacha ndani ya mwezi wa kwanza, na asilimia 77 walikuwa wameondoka ndani ya mwaka. Mshahara wao haukuzidi walichokuwa wakipata wenzao kwenye vibarua vya mitaani, na matatizo makubwa ya kiafya yaliongezeka miongoni mwao. Waliopewa ruzuku waliinua kipato chao kwa asilimia 33 katika mwaka wa kwanza.

Simaanishi kwamba viwanda vifungwe watu wagawiwe fedha. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 100, wengi wao vijana, haiwezi kuishi kwa vibanda vya kuuza vitunguu. Lakini utafiti ule unaondoa kauli moja mezani, kwamba binti wa kijijini hana njia nyingine isipokuwa cherehani. Njia zilikuwepo, na alizipima. Kuondoka kwake ndilo jibu la upimaji huo.

Jambo jingine la pembeni, kwa kuwa huku kwetu huzungumzwa sana: kusema kwamba shida ni Wachina. Watafiti wa chuo cha SOAS cha London, wakiongozwa na Carlos Oya, walilinganisha makampuni ya Kichina na mengine nchini Ethiopia, wakakuta kwamba ukishawalinganisha wafanyakazi wenye ujuzi na mazingira sawa, mishahara haitofautiani kwa maana kubwa. Pasipo na kima cha chini, Mchina, Mhindi, Mmarekani na Mwethiopia hujikuta wanalipa kilekile.

Sheria ilifika nusu njia

Mwaka huohuo wa 2019 Ethiopia ilipitisha sheria mpya ya kazi, Tangazo Na. 1156/2019. Kwa mara ya kwanza sheria ilitaja bodi ya mishahara, yenye wawakilishi wa serikali, waajiri na wafanyakazi, ambayo ingepitia na kupanga kima cha chini. Wengi walishangilia, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Lakini kuitaja bodi ni jambo moja, na kuiitisha ikae, ihesabu na itangaze ni jambo lingine. Miaka ikapita bila kima kutangazwa.

Hofu ya serikali naielewa. Ukiwa umewaita wageni kwa kuwaambia kwamba kwako mishahara ni midogo kuliko kwingine kote, siku utakayotangaza kima cha chini unaona kama unavunja ahadi. Kosa lilifanyika kwenye ule mwito. Nchi iliyokuwa na majengo bora, umeme nafuu, njia ya reli na soko lisilo na ushuru ilikuwa na mengi ya kuuza kabla ya kufikia mwili wa binti wa miaka 19.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Oda zikafutwa na mabinti wengi wakapelekwa likizo au wakarudi vijijini. Novemba 2020 vita vikaanza Tigray, kaskazini mwa nchi. Novemba 2021 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba Ethiopia itaondolewa AGOA kwa sababu ya ukiukwaji mkubwa wa haki za binadamu, na mwezi huohuo PVH ikatangaza kufunga kiwanda chake cha Hawassa. Tarehe 1 Januari 2022 uondolewaji ukaanza kazi. Maelfu ya washonaji walipoteza ajira katika miezi iliyofuata. Makubaliano ya amani yalitiwa sahihi Pretoria Novemba 2022, lakini AGOA ilipofika ukomo wake Septemba 2025, Ethiopia haikuwa imerudishwa.

Hili linaniuma kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa. Mabinti wa Hawassa hawakuanzisha vita, na wengi walikuwa umbali wa mamia ya kilometa kutoka kwenye mapigano. Walibeba adhabu iliyolenga serikali. Na walipoambiwa waende nyumbani, hawakuwa na akiba, kwa sababu mshahara haukuwahi kuruhusu akiba. Fundi wa mahali pengine akipoteza kazi anaweza kuuza cherehani aliyonunua kwa fedha yake, au kukaa miezi miwili akitafuta nyingine. Aliyekuwa akilipwa dola moja kwa siku anarudi na mfuko uleule wa nguo.

Birr na dola

Kwa waliobaki, na kongani haikufungwa, mfumuko wa bei ulizidi asilimia 30 mwaka 2022. Viwanda viliongeza mishahara kidogo kidogo kwa birr, na soko likazila nyongeza hizo kabla ya mwezi kuisha.

Halafu tarehe 29 Julai 2024 serikali iliiachia birr ielee, yaani thamani yake ipangwe na soko. Dola moja ilikuwa birr 57 na kitu. Ndani ya wiki chache ilikuwa imevuka 100. Tuseme fundi alikuwa na mkataba wa birr 2,000. Jumapili jioni, kabla ya tangazo, mshahara wake ulikuwa kama dola 35. Birr ilipofika 100, ulikuwa dola 20. Shati analoshona bado linauzwa kwa dola zilezile. Hakuna mkutano uliokaa kumpunguzia mshahara, hakuna barua aliyopewa kusaini, na sokoni mafuta ya kupikia, ambayo nchi huyaagiza kwa dola, yakaanza kupanda. Wachumi watakwambia hatua ile ilikuwa ya lazima kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni, na huenda wako sahihi. Lakini hatua ya lazima ya namna hiyo ilihitaji kuandamana na kima cha chini kinachosogea pamoja na bei.

Kwa hiyo bodi ya mishahara itakapokaa kweli, ningeomba isianze na majedwali ya Bangladesh wala ya Vietnam. Ianze na kodi ya chumba kimoja cha kupanga mjini Hawassa, kwa bei ya mwezi huo, kinacholaliwa na mtu mmoja. Kisha chakula cha mtu huyo bila mzigo wa kocho kutoka kijijini. Kisha nauli ya kurudi usiku kwa gari badala ya miguu. Jumla itakayopatikana ndiyo mahali pa kuanzia kuzungumza na mnunuzi.